Yuko Gredi ya 8, Hawezi Kusoma. Ni Kazi ya Nani?

Tuambiane ukweli, vijana wenzangu. Manyatta, Nyalenda, Obunga mpaka ufuoni Dunga, kuna watoto wa miaka 14 wamevaa sare ya sekondari msingi, na ukiwapa ukurasa wa sayansi wanausoma kama mtu anayevuka barabara Kondele jioni: hatua moja, anasimama, anarudi nyuma. Si wajinga hawa. Bei ya omena wanaijua na chenji wanapiga kichwani. Kusoma ndiko hawakushika, na sasa hakuna mtu hata mmoja aliyepewa kazi ya kuwafundisha.

Fuata sera uone. Mwaka 2015 serikali ilileta Tusome, mpango wa madarasa ya chini, la kwanza hadi la tatu. Kazi nzuri, nani atakataa? Lakini ukipitwa hapo, basi tena. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inakataza mtoto kurudishwa darasa. Naiunga mkono, maana kumrudisha kijana mara tatu ni kumfukuza kwa adabu. Ila kumsukuma mbele bila kumshika mkono nako tukuite nini? Mwaka 2021 Usawa Agenda walipima watoto wa Gredi ya 4, na ni kama wanne tu kati ya kumi walioweza kusoma vizuri hadithi ya Gredi ya 3. Rika hilo ndilo lililosukumwa hadi sekondari msingi.

Huko wakakutana na mwalimu aliyesomea Kemia au Historia. Hakufunzwa kumfundisha kijana kuunganisha silabi, na tusimlaumu. Kamati ya Profesa Munavu mwaka 2023 ilipendekeza masomo yapunguzwe, yakatoka 14 hadi 9. Katika hayo tisa, hakuna somo la kumfundisha kusoma aliyeachwa nyuma. Kisha inakuja KJSEA, asilimia 60 ya alama, na swali lazima alisome mwenyewe. Kwa Kiingereza, wakati nyumbani ni Dholuo na mtaani ni Kiswahili.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta dawa. Chuoni, aliyekuja na miaka 14 hajui herufi anaanzia alif. Ustadhi hamuulizi umri, na akikwama leo, kesho anarudi mstari ule ule. Hapandishwi kwa sababu wenzake wamefika Juzuu Amma. Sisemi madrasa ni pepo, bana. Bakora zipo, na wengi wetu tunatamka bila kujua maana, ugonjwa ule ule wa Kiingereza cha shuleni. Lakini kanuni ni sahihi: anza pale mtoto alipo. Kule India shirika la Pratham limefanya hivyo kwa miaka mingi, likiwapanga watoto kwa uwezo wa kusoma, si kwa darasa.

Kwa hivyo tunadai hivi. Kila anayeingia Gredi ya 7 apimwe kusoma, mmoja mmoja, kwa sauti, faraghani asije akachekwa. Wanaokwama wapewe saa moja kila siku, waanze na lugha wanayoielewa kisha Kiingereza, na mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo alipwe. Na vitabu viwe vya rika lao. Kijana anayelala ziwani akivua omena hatasoma hadithi ya paka na kikapu. Mpe mpira, mpe injini ya boti, mpe habari za simu.

Na serikali ya kaunti isitukwepe eti elimu ni ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti maktaba. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kabla ya siku hiyo, mtafute MCA wako, kwenye kikao cha umma ama hata matangani, umuulize mbele ya watu: maktaba ya wadi yetu imetengewa shilingi ngapi? Jibu atakalokupa liandike hapa chini, pamoja na jina la wadi.