PAA LISILO NA NJIA YA MAJI NI BIRIKA LA MARADHI

Maoni ya mhudumu wa afya wa kujitolea



Katika ukurasa huu mmekwisha kusoma mara nyingi kuhusu kunawa mikono, chandarua na usafi wa vyoo. Leo naomba tuinue macho tutazame paa. Maoni yangu ni haya: maji yanayosimama juu ya paa ni jambo la afya, si la fundi peke yake, na kazi ya kuyatoa ni yetu sisi tunaolala chini yake. Wengi mnasema, "Shirika lilijenga, shirika litengeneze." Mimi sikubaliani, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tuhesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Shitingi ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20. Ikitandazwa bapa na mvua ya milimita 50 ikanyesha, inapokea lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Hiyo ni tani nzima. Yakiteremka yote hakuna neno. Lakini yakibaki katikati, dimbwi la mita 2 kwa 2 lenye kina cha sentimita 10 tu lina uzito wa kilo 400. Je, fito za nyumba yako zinaweza kubeba kilo 400 usiku watoto wamelala?

Paa bapa la zege nalo lisikudanganye kwa ugumu wake. Chukua paa la ukubwa uleule lenye ukingo wa sentimita 30 kuzunguka. Tundu la maji likizibwa na majani, mvua zikafuatana mpaka maji yakafika ukingoni, juu ya vichwa vya watu kuna tani 6. Kabla halijaanguka litakuwa limevuja muda mrefu, chuma cha ndani kimepata kutu na plasta imeanza kudondoka.

Pili, mbu. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili hivi. Maji yakikaa wiki nzima juu ya paa, mmefuga mbu juu ya chandarua chenu. Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria Machi 2017, na sisi tuliotoka kandokando ya Ziwa Tanganyika hatuhitaji kuelezwa malaria ni nini. Kuna pia mbu wa dengi, anayetaga katika ndoo, matairi na mifereji ya mabati iliyoziba. Dar es Salaam iliona dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mayai ya mbu huyo hukaa miezi mahali pakavu yakingoja mvua, kwa hiyo chombo kisimwagwe tu, kisuguliwe pia.

Tatu, maji yanaporuka kutoka juu bila mpango, huenda yanakotaka. Yakiingia chooni, choo kinafurika na uchafu unatembea mpaka penye kisima na penye vyombo vya jirani. Kipindupindu kilifika pwani ya ziwa upande wa Burundi mwaka 1978, na tangu hapo Rumonge na Bujumbura zimekipata mara nyingi. Hakihitaji mlango mkubwa.

Sasa kwa nini tunajenga bapa? Nimepita nyumba kwa nyumba nikauliza, na majibu yana maana. Miti ni michache na kukata msitu kumekatazwa, kwa hiyo watu wanatumia fito fupi. Wengine wanaogopa upepo, wanasema paa likiinuka litabebwa. Siwalaumu. Lakini nguzo moja tu ya katikati, iliyozidi za pembeni kwa nusu mita, inatosha kuyafanya maji yateremke pande mbili. Kamba zikifungwa katika matundu ya pembeni ya shitingi na kukazwa kwenye vigingi, upepo hautapata pa kushika. Maji yakituama, yasukume kutoka ndani kwa fagio lililofungwa kitambaa. Usitoboe kwa kisu. Tundu la kisu linatoa maji siku moja, halafu linaingiza maji msimu mzima.

Wapo pia kati yetu wanaofikiria kurudi nyumbani na kujenga. Kwetu Kabezi, barabara ya kwenda Rumonge inapita kati ya milima na ziwa, na maji yanatushambulia pande zote mbili. Machi 2015 maporomoko ya Gitaza, huko Muhuta, yaliua watu na kuifunga barabara hiyo. Aprili 2024 ziwa lilipopanda, serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada wa pamoja kwa ajili ya waliohamishwa na maji. Nasikia vijana wenzangu wakisema, "Nitajenga kwa zege juu, kama Bujumbura, baadaye niongeze ghorofa." Ni ndoto nzuri. Lakini kama huna fedha ya kutengeneza njia za maji, bati lenye mteremko ni bora kuliko zege la fahari. Na mwenye fedha amwambie fundi mambo haya kabla zege halijamwagwa:

1. Paa lisiwe sawasawa kama meza. Literemke angalau sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu.

2. Matundu yawe mawili, hata kama paa ni dogo. Moja likiziba, lingine liokoe. Bomba la inchi 4 lisipunguzwe likawa la inchi 2 ili kuokoa fedha kidogo, maana jani moja la mwembe linatosha kuliziba.

3. Mdomo wa tundu uwe chini kuliko sakafu ya paa inayolizunguka. Nimeona matundu yaliyowekwa juu kidogo, maji yanalitazama tundu na hayaingii. Pembeni pake pazibwe vizuri kwa dawa ya kuzuia maji, kwa sababu uvujaji mwingi huanzia hapo.

4. Katika ukingo wa ukuta liachwe tundu la dharura, kiasi cha vidole vitatu juu ya sakafu ya paa. Siku utakapoona maji yanatoka hapo, ujue tundu la kawaida limeziba.

5. Juu ya tundu liwekwe kichungi cha waya kilichoinuka kama kikapu kilichofunikwa. Kilicholala bapa kinafunikwa na majani mara moja.

6. Bomba litokeze mbali na ukuta. Wazee wa Pwani, waliojenga nyumba za mawe zenye paa bapa, waliuita mrizabu, nao waliutokeza nje ili maji yasiteremke ukutani. Kwetu tunaojenga kwa matofali ya udongo ni muhimu zaidi, maana maji ya paa hula mguu wa ukuta kimyakimya. Chini yake weka mawe, kisha mfereji.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ya kutunza, nayo haina gharama. Safisha kabla ya mvua za Oktoba, kisha tena kabla ya zile za Machi na Aprili. Kila baada ya mvua kubwa tazama. Kama siku mbili zimepita bila mvua na maji bado yapo, kuna kasoro. Anayepanda awe kijana mwenye afya, ngazi ishikwe na mwingine, na mtu asikanyage bati lililolowa. Wazee, wajane na mama wajawazito wasaidiwe na vijana wa mtaa wao.

Najua wapo watakaoniuliza, "Maji ya bomba ni ya foleni, nawe unataka tuyamwage ya Mungu?" Hapana, yakingeni. Ila mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, chombo kiwe safi na chenye mfuniko, na ya kunywa yatiwe dawa ya klorini au yachemshwe. Maji yaliyofunikwa ndani ya dumu ni akiba. Yaliyo wazi juu ya paa ni hasara.

Kuhusu "shirika litengeneze", nakubali nusu. Majengo ya pamoja, yaani zahanati, madarasa na matangi, yana wajenzi wake. Ni haki yetu kuomba kwamba jengo linapokabidhiwa, viongozi wa mtaa waonyeshwe matundu ya maji yako wapi na ngazi inawekwa wapi. Lakini jani likianguka leo jioni, mhandisi hayupo. Tupo sisi.

Na maji yako yasiwe vita vya jirani. Kesi nyingi tunazosuluhisha wakati wa mvua ni za mtu aliyeelekeza mfereji mlangoni kwa mwenzake. Mifereji midogo ikichimbwa bila kuelewana, inakata njia. Kabezi kulikuwa na gari la wagonjwa la bure lililowafikisha kina mama wenye uzazi mgumu kwenye kituo cha dharura, na wengi wako hai kwa ajili hiyo. Hapa nasi tunalo gari la wagonjwa, lakini haliruki korongo. Korongo lililochimbwa na maji ya mapaa yetu linaweza kumchelewesha dada yako usiku.

Pendekezo langu ni kwamba kila mtaa uchague watu watatu wa mapaa, mmoja wao awe mwanamke, wapite mara moja kwa wiki msimu wote wa mvua pamoja na mhudumu wa afya. Watazame paa, tundu, mfereji na mwisho wa mfereji. Leteni jambo hili katika kikao cha mtaa kabla ya mvua, si baada ya nyumba kuanguka.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na usipozibua tundu, utajenga nyumba nzima.