Mlima wa Moto: Nani Atasema Turudi?

Mpwa wangu, kijana wa Majengo aliyekwisha kushika mshahara wake mwenyewe, alinijia juzi na shanta jipya mgongoni. Yeye na wenzake saba wataka kwenda kuupanda mlima Longonot, kule Naivasha, kisha wakijaaliwa wachangishane nauli mpaka Indonesia wakaupande mlima Rinjani. Nilipomwuliza juu ya hatari, alinijibu kwa tabasamu, "Mjomba, kuna kiongozi, usiwe na shaka."

Sina ugomvi na safari. Lakini neno lile la "kuna kiongozi" halikunitoka moyoni, kwani kwa miaka hii michache limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake.

Rinjani ni mlima wa volkano katika kisiwa cha Lombok, nchi ya Wasasak, Waislamu wenzetu. Urefu wake ni mita 3,726. Mwaka 1257 mlima pacha wake, Samalas, ulilipuka kwa kishindo kilichoacha shimo kubwa, na leo ndani yake mna ziwa liitwalo Segara Anak. Wageni hupiga hema ukingoni mwa shimo hilo, huamshwa kama saa nane usiku, wakaanza kukwea mchanga unaomomonyoka chini ya nyayo, ili jua likichomoza liwakute kileleni. Mahema, mchele na maji huchukuliwa na wachukuzi wa Kisasak kwa mzegazega, ule ule wa mti begani na mzigo huku na huku tulioujua kwa wauza maji wetu, na wengi wao huenda na kandambili miguuni. Mgeni aliyevaa viatu vya bei ya ng'ombe hupitwa na mtu huyo njiani akitoa salamu.

Tarehe 21 Juni 2025 msichana mmoja wa Brazili alianguka kwenye poromoko la mlima huo. Alikuwa katika kundi la wasafiri chini ya kiongozi mmoja. Ilielezwa kwamba alichoka akabaki nyuma, na kiongozi akasema alimngojea mbele kidogo. Ukungu ulitanda, mteremko ulikuwa mkali, na waokozi hawakumfikia ila baada ya siku tatu, naye amekwisha kufa. Brazili nzima ilipiga kelele, na lawama nyingi zikamwangukia yule kiongozi.

Sikusudii kumtetea wala kumhukumu, sikuwapo. Bali nasema tukumbuke na Julai 2018. Tarehe 29 ya mwezi huo Lombok ilitikiswa na zilzala, njia za Rinjani zikazibwa na maporomoko, na wapandaji zaidi ya 500 wakanaswa juu. Walioijua njia nyingine ya kuwashusha wageni ni viongozi na wachukuzi hao hao, huku wengine wao hawajui nyumba zao kijijini zimesimama au zimelala. Basi si kwamba watu wa mlima ule hawana murua. Shida iko kwenye mapatano yanayofanywa kabla ya kuanza kupanda.

Tazama na kisiwa cha Sumatra. Huko kuna mlima Marapi, wa mita 2,891. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, kiasi cha saa tisa mchana, ulilipuka ukarusha majivu mita 3,000 juu ya kilele. Wapandaji 75 walikuwa mlimani. Waliokufa ni 24, wengi wao vijana, na miongoni mwao wanafunzi waliokwenda pamoja kujipumzisha mwisho wa juma. Hapa ndipo penye uchungu: wataalamu wa volkano wa serikali walikuwa wameutia mlima huo katika daraja ya pili ya hadhari tangu 2011, na ushauri wao ulikuwa mtu asiusogelee mdomo wa mlima kwa kilomita tatu. Wakati huo huo idara nyingine ya serikali ile ile, yenye kusimamia hifadhi, ilikuwa ikitoa vibali vya kupanda. Mkono mmoja wasema usikaribie. Wa pili wapokea kiingilio.

Na mlipuko wa namna ile hauna adabu ya kubisha hodi. Maji yaliyomo ndani ya mwamba hupata joto, yakageuka mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea hupasua kama sufuria iliyobanwa kifuniko. Vyombo vya wataalamu huweza visioneshe dalili ya kutosha. Seuze macho ya kiongozi! Yeye aweza kujua mvua, njia, na mgeni aliyeishiwa pumzi. La chini ya mwamba halijui, na akisema alijua, anadanganya.

Linalobaki mikononi mwake ni moja: kusema turudi. Je, twamwachia nafasi ya kulisema?

Katika pwani hii nahodha akitazama wingu akasema leo tanga halipandi, abiria hunung'unika kisha wakalala bandarini. Kauli ilikuwa yake. Kiongozi wa mlimani ana ilimu kama ya nahodha, lakini hana cheo chake. Amekodishwa na wakala, wakala amewaahidi wageni kilele, wageni wamelipa na tarehe ya ndege yao imekwisha andikwa. Akiwarudisha nusu ya njia, wageni watadai fedha zao, watamsema vibaya duniani kote kwa simu zao, na msimu ujao ataitwa mwingine. Akimbakisha mmoja mchovu nyuma ili watano wasikose jua kuchomoza, aghalabu hapatikani na neno. Mapatano ya namna hiyo yanamlipa mtu ili anyamaze.

Baada ya msiba wa Rinjani yalizungumzwa mengi: kamba, waokozi zaidi, vyeti vya viongozi. Yote ni mema. Juu ya ujira wa siku ya kurudi sikusikia mengi.

Longonot, nakiri, si Marapi. Una mita 2,776, na mlipuko wake wa mwisho wasadikiwa kuwa wa miaka ya 1860. Lakini njia ya kuzunguka ukingo wa shimo lake ni ya kilomita saba hivi, ina vumbi la kuteleza, na jua la huko halina mwembe wa kujisitiri.

Nilimwuliza mpwa wangu, "Tuliposomeshwa chuoni adabu za safari, tuliambiwa watu wakiwa watatu wamweke mmoja awe amiri wao. Nyinyi ni wanane. Amiri wenu nani?"

Akanitazama. "Kila mtu ana simu yake, Mjomba."

"Na kiongozi akisema mrudi?"

"Tutamlipa nusu."

Nikamwambia basi hamna kiongozi, mna mchukuzi wa maneno. Akaondoka amenuna kidogo.

Jana usiku alinipigia simu. Wamepatana na kiongozi kwamba atapata ujira wake kamili hata akiwageuzia langoni. Wawili katika lile kundi wamekataa kuchanga kwa sharti hilo. Wameachwa, wanaondoka sita.