SIKU TATU KWA JUMA



Katika mikutano yetu neno "kabaila" hutupwa ovyo. Nyapara akikataa kutoa ruhusa, huyo kabaila. Mwajiri akichelewesha mshahara siku mbili, naye kabaila. Twaona yafaa tueleze ukabaila ulikuwa kitu gani, maana neno likitumiwa kwa kila jambo, siku ya kulihitaji halitakuwa na nguvu.

Ukabaila wa Ulaya ulizaliwa na hofu. Dola ya Warumi ilipoanguka upande wa magharibi katika karne ya 5, mkulima alikosa serikali ya kumlinda. Baadaye, katika karne ya 9, Wavaikingi walishuka kutoka kaskazini wakichoma vijiji na kuteka mali. Mkulima mdogo akamwendea mwenye ngome na farasi, akasema: nilinde, nami nitakuwa mtu wako. Alipata ulinzi, lakini uhuru wake aliuacha pale mlangoni. Na wengine hawakuomba kitu, walilazimishwa tu.

Tutazame Uingereza. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda nchi hiyo, akaihesabu ardhi yote kuwa ya mfalme. Akawagawia wakubwa wake, nao kwa malipo wakatoa askari wa farasi. Wakubwa nao wakawagawia wadogo wao. Mwaka 1086 mfalme aliandikisha mashamba, plau na vinu vya karibu nchi nzima katika kitabu kiitwacho Domesday.

Chini kabisa alikuwa mtu wa shamba. Alikuwa na kipande chake cha kulima, lakini kila juma, mara nyingi siku mbili au tatu, alifanya kazi katika shamba la bwana bila mshahara. Wakati wa mavuno siku zilizidi, na huku mazao yake yakinyeshewa. Alisaga nafaka katika kinu cha bwana na kuacha sehemu hapo. Akimwoza binti yake, alimlipa bwana ada. Akifa, bwana alichukua mnyama aliye bora zizini. Akiwa na ugomvi na bwana juu ya shamba, hukumu ilikuwa katika baraza la bwana yule yule. Na kuhama bila ruhusa hakuweza. Hapo ndipo ilipo roho ya ukabaila, ndugu. Kinu, ada na mnyama vilisimama juu ya jambo hilo moja, kwamba mtu hawezi kuondoka.

Kisha mwaka 1348 tauni ikaingia Uingereza, ikaua watu kati ya theluthi na nusu. Mashamba yalibaki, mikono ikakosekana. Waliopona wakadai mshahara mzuri zaidi, wakahamia kwa anayelipa. Hawakuwa na chama, wala katibu, wala karatasi kama hii. Waliona tu kwamba sasa wanahitajiwa. Wakubwa wakakimbilia sheria. Amri ya 1349 na sheria ya Bunge ya 1351 zilikataza kulipa zaidi ya mishahara ya kabla ya tauni. Seremala mkuu peni 3 kwa siku. Mvunaji peni 2 katika juma la kwanza la Agosti, kisha peni 3. Aliyekataa alitiwa mkatale. Amri ile ilisema pia bei ya chakula iwe ya haki, lakini haki hiyo haikuandikiwa peni ngapi. Mshahara tu ndio uliopigiwa hesabu barabara.

Mwaka 1381 ilipokuja kodi ya kichwa, watu wa Kent na Essex waliinuka, Wat Tyler akiwaongoza. Mahali pengi walichoma madaftari ya mabaraza, kwa kuwa humo ndimo mlimoandikwa nani amefungwa na shamba gani. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, aliwapa hati za uhuru. Siku ya pili yake Tyler aliuawa, na mwezi uliofuata hati zikafutwa. Hata hivyo uhaba wa watu haukufutika kwa amri, na katika karne ya 15 mabwana wengi walikubali kodi ya fedha badala ya kazi ya lazima.

Sheria ya kumshika mfanya kazi haikufa upesi hivyo. Mpaka 1875 mfanya kazi wa Uingereza aliyevunja mkataba aliweza kutiwa jela. Hapa Kenya sheria ya mabwana na watumishi ililetwa mwaka 1906: kuacha kazi kabla ya muda kwisha kulikuwa kosa la jinai. Mwaka 1918 sheria nyingine ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka apate kukaa katika shamba la Mzungu. Gawanya kwa majuma 52. Ni siku tatu kwa juma, na kuzidi.

Basi mwajiri mbaya unayeweza kumwacha mwezi ujao ni mwajiri mbaya. Tutabishana naye juu ya mshahara. Lakini anayekushikia kitambulisho au pasipoti ili usiondoke, au anayekukopesha makusudi usimalize deni, huyo mwite kabaila bila haya, kisha umpelekee katibu wa tawi lako habari zake juma hili hili.