NJIA ZA KANDO, ZIWANI NA MSITUNI

Karani wa Kisumu ambaye Jumamosi ataka kwenda kuwaamkia wazee wake huko Asembo, naye ana baiskeli nzima, aghalabu hushika barabara kuu pasipo kufikiri. Hutoka mjini kwa njia ya Busia mpaka Kisian, mahali ambapo barabara hugawanyika: ya kulia yapanda Maseno, ya kushoto yaelekea Bondo. Tangu hapo hukanyaga pedali ukingoni mwa lami, matatu zikimpigia honi nyuma na malori yakimsukuma kwa upepo wao, akafika kwao amechoshwa na hofu kuliko alivyochoshwa na safari.

Hofu hiyo si ya bure. Watu zaidi ya 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa katika barabara za Kenya katika kila mmoja wa miaka 2021, 2022 na 2023, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu. Mwenye baiskeli yu karibu na hao kuliko alivyo karibu na mwenye motokaa. Hana bati la kumkinga, wala lori lipitalo kwa kasi halina nafasi ya kumkwepa iwapo gari jingine laja mbele yake. Barabara kubwa ina faida nyingi, na hapana mwenye akili awezaye kuikataa. Lakini haikujengwa kwa ajili ya baiskeli.

Njia ya pili ipo, nayo ni ile ya udongo ishukayo upande wa ziwa, ikipita shambani, shuleni, kanisani na katika pwani za wavuvi. Ni ndefu zaidi. Tena haikuunganishwa yote, hata mara nyingine mpanda baiskeli hana budi kurudi kwenye lami kwa kilomita chache kabla ya kushuka tena. Hata hivyo yule aliyewahi kuitumia mara mbili tatu hairudii ile kubwa kwa hiari yake, isipokuwa ana haraka ya ugonjwa au ya kazi.

Jambo la kwanza ni kujua kuitambua njia tulivu. Si kila njia ya udongo iliyo tulivu. Palipo machimbo ya mchanga au ya mawe, malori hupita kutwa, na vumbi lake ni baya kuliko moshi wa mjini. Njia njema ni ile isiyomfikisha mwenye lori popote: yaishia pwani, au yazunguka kilima, au yaenda sambamba na barabara kuu ambayo magari yote yamekwisha kuichagua. Yafaa kuuliza siku ya soko, kwa kuwa njia iliyo kimya Jumanne huweza kujaa mikokoteni na pikipiki Jumatano. Na anayefaa kuulizwa si dereva. Dereva atamwonyesha mgeni njia ya upesi. Mama achukuaye mzigo kichwani ndiye ajuaye kivuli kiko wapi, daraja gani limevunjika, na mbwa wa nani hafungwi.

Jambo la pili ni upepo, nalo wageni wa nchi ya ziwa hulisahau mpaka liwafunze lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na kwa hiyo tangu usiku mpaka asubuhi upepo hutoka barani kuelekea ziwani. Mchana jua huipasha nchi kavu moto kuliko maji, na upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani kuingia barani. Ghuba ya Kisumu imelala mashariki kwa magharibi kama handaki refu, na upepo huifuata. Basi aondokaye Kisumu alfajiri kwenda magharibi huwa na upepo mgongoni, na arudiye alasiri huwa na upepo mgongoni vilevile. Mwenye kulala mpaka saa nne akaondoka kwenda Asembo saa sita hupingana nao mwendo wote, na baiskeli yenye gia moja, ile nyeusi ya chuma iitwayo na wengi Black Mamba, haina huruma katika kazi hiyo.

Wachuuzi wa samaki walikuwa na elimu hii zamani. Walifika pwani kabla ya jua, wakapakia ngege na omena katika vikapu juu ya keria, nao wakapanda bara kabla samaki hawajaharibika.

Juu ya lami kiasi cha upepo katika matairi si jambo kubwa. Juu ya udongo ni jambo kubwa mno. Tairi lililojazwa likawa gumu kama jiwe hurukaruka juu ya mikunjo ya njia na kumtikisa mtu meno, tena hukata spoki. Likitolewa upepo kidogo hushika vema. Lakini likilegea mno, jiwe lenye ncha hubana tyubu juu ya rimu na kuitoboa pande mbili mara moja. Pampu, viraka na gundi havisahauliwi nyumbani. Penye udongo mweusi, mvua ikiisha kunyesha, hakuna ufundi utakaosaidia: matope hujaa kati ya gurudumu na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo mwenye busara huvua viatu, akaibeba baiskeli iliyozoea kumbeba yeye.

Upepo ule ule umrudishao karani Kisumu alasiri hauishii mjini. Hupanda bara ukiwa umejaa unyevu wa ziwa, hukutana na pepo zitokazo mashariki, na juu ya nchi ya Nandi na Kakamega mawingu hujipanga kila siku kama askari. Kwa sababu hiyo Kakamega hupata mvua ya milimeta 2,000 hivi kwa mwaka, na aghalabu hunyesha baada ya adhuhuri, pamoja na radi na mara nyingine mvua ya mawe. Na kwa sababu hiyo msitu upo.

Ziwa liko meta 1,134 juu ya bahari, na msitu meta 1,600 hivi, kwa hiyo hapana njia ya kuufikia kutoka Kisumu isipokuwa kupanda. Waendao kutazama tu hupanda gari pamoja na baiskeli mpaka Khayega, nao hawana la kuona haya. Kutoka Khayega njia hugeuka mashariki kwenda Shinyalu, kisha Isecheno, kilipo kituo cha msitu, ambapo mgeni hulipa ada na kuonyeshwa njia.

Badiliko ni la ghafula. Nyuma kuna mahindi, migomba na mabati ya nyumba zilizosongamana, kwa kuwa nchi hii ni miongoni mwa zile zenye watu wengi mno katika Kenya; mbele kuna ukuta wa miti, na baridi kama ya kisima. Msitu wote uliotengwa una kilomita mraba 240 hivi, na sehemu iliyobaki ya miti ya asili haifiki nusu. Ni kipande cha upande wa mashariki cha ule msitu mkubwa wa Kongo, kilichoachwa peke yake, na ndege na nyoka wengine walioko humo hawaonekani mahali pengine popote katika Kenya. Aina za ndege zimehesabiwa kuwa zaidi ya 300.

Humo baiskeli ina faida ambayo motokaa haina wala pikipiki haina, nayo ni kimya. Mwenye injini hufukuza mbele yake kila alichokuja kukiona. Mwenye baiskeli iliyotiwa mafuta mnyororo hufika chini ya mti kabla mbega hawajamsikia, akawaona na mikia yao meupe ikining'inia. Husikia mabawa ya hondohondo yakivuma juu kabla ya kumwona ndege mwenyewe. Na akisimama kwa subira huenda akamwona shorobo mkubwa wa rangi ya samawati akikimbia juu ya tawi kama kuku. Kengele na ipigwe kwenye kona tu, kwa ajili ya wachukuao kuni.

Onyo moja lahusu Jumamosi. Katika nchi ya Isukha mapigano ya mafahali ni mchezo wa kale, na siku hiyo fahali hupelekwa uwanjani asubuhi na mapema katikati ya umati ukimbiao, pamoja na ngoma za isukuti. Mwenye baiskeli akutanaye na msafara huo na ashuke, aisogeze baiskeli mpaka ndani ya mahindi, na kungoja. Fahali aliyeamshwa kwa ngoma tangu usiku hatambui kengele.

Utulivu wa njia hizi hauko salama. Baiskeli ndiyo iliyoanzisha kazi ya boda boda, huko mpakani Busia, watu wakibebwa kutoka upande wa Kenya mpaka upande wa Uganda. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya mauzo katika pikipiki ndogo, na katika miaka michache kazi ile ikahama. Sasa pikipiki imefika hata pwani ya mwisho. Nayo haina lawama yote: mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa manane hataki njia tulivu, ataka njia ya upesi, na mwenye maziwa ya kuuza ataka lami. Wapendao kupanda baiskeli siku za mapumziko wasipinge lami ya wenzao kwa ajili ya starehe yao.

Linalofaa kupigwa ni neno jingine. Barabara nyembamba ya kijijini ikitiwa lami, magari huongeza mwendo siku ile ile, na mara nyingi lami humwagwa mpaka ukingo wa mtaro, hata mtoto aendaye shule na mzee mwenye baiskeli ya nyasi hukosa mahali pa kuweka mguu. Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya namna hii. Mhandisi ajapo kwenye baraza na ramani zake, wazee huuliza daraja litakuwa wapi na fidia itakuwa kiasi gani. Na waulize pia ukingo utakuwa na upana wa meta ngapi kila upande, na jibu liandikwe.