CHUJIO LA SINKI: PIMA TUNDU, USIPIME UKINGO



Juma hili tuseme juu ya chujio la sinki, yaani lile duara lenye vitundu lizuialo punje za wali zisiingie katika bomba. Kwetu Kyela, tulao wali kila siku, kazi yake si ndogo. Mpira wake ukichakaa, maji hupenya pembeni na kudondoka chini polepole, wala mtu hana habari. Hapa kwangu Busale yalidondoka hata yakaloanisha kiroba cha mchele tulichokiweka chini ya sinki, mchele wa kuuza tulipie ada ya shule. Mama watoto alipokifungua, nusu ilikuwa imevunda. Tukawapa kuku.

Basi nikakata shauri kubadili chujio mwenyewe. Nikalipima kwa rula, nikapata sentimita 8 na nusu, nikasema, "Haya, tuseme 9." Nikaenda mjini Kyela, nikanunua la 9. Halikuingia kamwe! Kumbe nilipima ukingo uonekanao juu, nao siku zote ni mpana kuliko tundu. Masinki mengi ya siku hizi yana tundu la milimita 90. Langu ni la zamani, tundu lake 60. Nauli ikaenda bure, nami nilisomea ualimu!

Wewe usifanye hivyo. Anza asubuhi, siku ambayo maduka yako wazi, na maji ya kupikia yawe tayari ndooni. Weka beseni chini, maana lile bomba lililopindwa halikosi maji. Ndiyo yazuiayo harufu isipande jikoni. Mwenzako alishike chujio kwa juu lisizunguke, nawe ulegeze nati kwa chini. Mengine yana skrubu moja ndefu katikati. Hiyo fungua kwa juu. Kila kitoacho panga mezani kwa taratibu ile ile kilivyotoka. Sasa pima tundu lenyewe, kisha chukua chujio kuukuu uende nalo dukani, ulilinganishe na jipya, na mdomo wa bomba vilevile.

Wakati wa kufunga ndipo wengi hukosea. Mpira mmoja hukaa juu, chini ya ukingo. Wa pili hukaa chini, ukigusa bati la sinki. Ikiwapo pete ya karatasi ngumu au plastiki, iwe kati ya mpira huo na nati, ili nati ikizunguka isiukunje mpira. Wala usikaze kwa nguvu za ng'ombe, mpira utachomoka. Ukitumia silikoni badala ya mpira wa juu, iache mchana na usiku ikauke. Kwa hiyo usianze Jumamosi jioni, hali Jumapili una wageni wa ubatizo!

Mwisho ziba chujio, jaza sinki, tandaza karatasi kavu chini, ungoje robo saa. Kisha achia maji yote kwa mara moja, upitishe kidole chini ya kila nati. Kwangu lilionekana tone moja. Nikakaza kidogo tu, likakoma. Lakini mama watoto hataki hata kusikia habari ya kurudisha mchele pale chini.