Majina ya Mafaili ya Fonti

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi watalidharau, yaani majina ya mafaili ya fonti katika chumba chetu cha kompyuta. Herufi za gazeti hili hupangwa kwa fonti hizo. Mwezi Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani na kuondoka, na kazi hii itawaangukia wadogo zetu wa Kidato cha Tatu. Wakikuta majina yasiyoeleweka, hawatakuwa na budi kupakua kila kitu upya, na bando ni fedha za wazazi.

Zamani kila unene wa herufi ulikuwa na faili lake. Mwaka 2016 Adobe, Apple, Google na Microsoft walitangaza fonti za kubadilika, ambazo faili moja hubeba unene na upana wa kila namna. Herufi za wima za Noto Sans zina unene wa namna 9 na upana wa namna 4. Hayo yangekuwa mafaili 36, na sasa latosha moja. Jina lake kwa utaratibu wa Google Fonts ni NotoSans[wdth,wght].ttf. Katika mabano ya mraba yametajwa yale yawezayo kubadilishwa: wdth ni upana, wght ni unene. Msomaji ajua yaliyomo kabla ya kulifungua faili.

Wapo wenzangu wasemao mabano yaondolewe, tuandike NotoSans-VF.ttf basi, kama ifanyavyo programu ya fontmake. Hoja yao si ya kipuuzi. Katika terminali mabano ya mraba yana maana nyingine: kompyuta huyadhani ni agizo la kutafuta faili lenye herufi mojawapo kati ya zilizomo. Bash isipopata faili la namna hiyo hulipitisha jina kama lilivyo, lakini zsh, ambayo Apple imeiweka katika kompyuta zake mpya tangu 2019, hukataa katakata. Dawa yake ni kulifunga jina kwa alama za nukuu, hivi: 'NotoSans[wdth,wght].ttf'. Je, tutupe maelezo yote kwa uvivu wa kugonga kitufe mara mbili? Ile VF yatwambia kwamba kitu fulani chabadilika, wala haisemi ni kitu gani. Ni kama basi katika stendi ya Same lililoandikwa "Safari" tu. Abiria wa Gonja atajuaje kama litapita Kisiwani, au litashika barabara kuu kwenda Makanya na Hedaru?

Tena liko baya kuliko hilo. Tuseme twataka herufi nene tu, upana ubaki wa kubadilika. Twaandika:

fonttools varLib.instancer 'NotoSans[wdth,wght].ttf' wght=700

Tusipotaja jina la faili jipya, programu hulipa jina la lile la kwanza na kuongeza neno mwishoni: NotoSans[wdth,wght]-partial.ttf. Neno hilo laonya kwamba kuna kilichopunguzwa, lakini wght bado imekaa katika mabano, hali unene umekwisha gandishwa kwenye 700! Hilo sasa ni basi lenye kibao cha Gonja lielekealo Hedaru. Mimi naona afadhali lile lisilo na kibao, maana abiria atauliza. Hili atapanda na kulala usingizi.

Kwa hiyo nashauri kwamba anayekata fonti alitaje jina jipya papo hapo katika amri, kwa kuongeza -o 'NotoSans-Bold[wdth].ttf', na faili la asili lisiguswe. Aongeze pia --update-name-table, kwa sababu jina lililo ndani ya fonti, ambalo ndilo huonekana katika orodha tunapopanga kurasa, halibadiliki kwa kubadili jina la nje. Bila hiyo orodha yaweza kuonyesha Noto Sans mbili, na mpangaji akabahatisha.

Amri hizi nimeziandika kwa herufi kubwa katika karatasi iliyobandikwa ukutani, juu ya swichi. Wa Kidato cha Tatu waje wazijaribu jioni yoyote kabla hatujafunga shule.