Tajiri Alipe Zaidi, Lakini Apimwe kwa Haki



Natoa maoni yangu juu ya michango ya bima ya afya kwa wastaafu. Wapo wenzangu wasemao kuwa mstaafu, awe tajiri awe kabwela, alipe sawa na mwenziwe kwa kuwa wote huugua. Sikubaliani nao. Tuitazame nchi iliyokwisha kujaribu.

Marekani ina bima ya serikali iitwayo Medicare, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965 kwa ajili ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Katika sehemu inayolipia madaktari, mchango wa kawaida hutosha kama robo tu ya gharama. Nyingi ya zilizobaki hutoka katika hazina ya serikali. Hadi mwaka 2006 kiwango kilikuwa kimoja kwa mwenye kiwanda na kwa dereva mstaafu. Tangu 2007 mwenye kipato kikubwa hutozwa zaidi. Mwaka 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa dola 185 kwa mwezi, na cha juu kabisa dola 628.90. Fukara husaidiwa na jimbo lake kulipa. Hiyo ni haki, maana kodi ya kabwela haifai kumtibu bwanyenye.

Kasoro imo katika kupima. Kwanza, viwango hupanda kwa ngazi. Mwaka 2025 mstaafu asiye na mwenzi aliyekuwa na kipato cha dola 106,000 kwa mwaka alilipa 185. Aliyezidisha dola moja tu alilipa 259. Dola hiyo moja ilimgharimu 888 kwa mwaka! Pili, hutumika kipato cha miaka miwili iliyopita. Aliyeshuka kipato kwa kustaafu au kufiwa na mwenzi aweza kuomba hesabu irekebishwe, lakini aliyeuza shamba mara moja hana udhuru huo. Tatu, mwaka 2025 mume na mke walipimwa kwa dola 212,000. Mmoja akifariki, haupiti muda mrefu aliyebaki akapimwa kwa nusu yake, ingawa kodi ya nyumba haikupungua nusu.

Yatuhusu nini sisi? Watumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza 3. Asilimia haina ngazi: mshahara ukipanda kidogo, mchango nao hupanda kidogo. Lakini mkulima wa kijiji ninachofundisha hana hati ya mshahara, na fedha yake huja kwa msimu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamhusu yeye pia. Watakaoamua nani ana uwezo na nani hana wasichukue mwaka aliouza ng'ombe wakadhani ndiyo hali yake ya kila mwaka. Mzee ahesabiwe kwa alicho nacho leo, na mjane asikilizwe kabla ya kuandikiwa kiwango.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.